Minyoo si wa tumboni tu

Kwetu ukitaja minyoo, watu wanafikiria tumbo la mtoto na kidonge cha dawa, kana kwamba mnyoo hana makazi mengine. Askarisi na safura ni minyoo mviringo kweli, yaani minyoo wembamba wasio na pingili (nematodi), na madhara yao ni makubwa. Lakini wengi wa kundi hilo hawana shida na binadamu. Wanaishi kwenye udongo, kwenye matope ya mito na bahari, wakila bakteria, kuvu na hata wenzao. Wengi hawafiki milimita mbili, na miili yao inapitisha mwanga kama kioo, ndiyo maana hatuwaoni.

Mwaka 2019 watafiti walikadiria idadi ya minyoo mviringo walio kwenye tabaka la juu la udongo peke yake: 440 ikifuatwa na sufuri 18. Ukiwagawa kwa watu wote duniani, kila mmoja wetu anapata zaidi ya bilioni 50! Katika kila wanyama watano wa nchi kavu, wanne hivi ni hawa.

Wengine husema nyungunyungu naye ni wa ukoo huu. Siyo. Mwili wake una pingili, wao hawana. Tegu pia si mwenzao.

Nilikuwa naamini nchi za joto ndizo zenye wengi. Utafiti huohuo ulikuta udongo wa baridi karibu na Aktiki, wenye mboji nyingi, ndio uliojaa zaidi. Wala hawako juujuu tu: mwaka 2011 alitangazwa mnyoo mviringo aitwaye Halicephalobus mephisto, aliyepatikana kwenye maji ya mgodi wa dhahabu Afrika Kusini, kilometa 1.3 chini ya ardhi.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: kila mzizi wenye vifundo una minyoo. Ng'oa mche wa nyanya uliodumaa, suuza mizizi. Minyoo fundo, yaani minyoo mviringo wanaoshambulia mizizi, wakishaingia, mzizi wenyewe huvimba, kama shanga kwenye uzi, na uvimbe haubanduki bila kuuchana mzizi. Sasa ng'oa kunde. Vifundo vyake vimebandikwa ubavuni, vinatoka kwa ukucha, na ukipasua kimoja unakuta wekundu ndani. Humo mna bakteria wanaoupa mmea naitrojeni. Kunde nazo hushambuliwa na minyoo fundo, kwa hiyo pima kwanza kwa ukucha. Nimeona kunde zenye afya zikirundikwa na kuchomwa moto kwa sababu ya vifundo hivyo.