Kadi ya mwajiri na rufaa: ninachotafuta kwenye mwenendo wa kesi

Mteja aliyetiwa hatiani kwa kutumia vibaya kadi ya malipo ya mwajiri wake huja na mfuko wa risiti. Huzimwaga mezani: hii ya mafuta, hii ya hoteli, hii nilimlipia mgeni wa kampuni chakula. Mimi humwomba vitu vingine: tarehe ya hukumu na mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za maandishi za yaliyotokea mahakamani.

Tarehe, kwa sababu muda wa rufaa ni mfupi. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, mshtakiwa ana siku 14 za kutoa notisi. Uingereza, kwa kesi iliyosikilizwa Crown Court, mahakama ya makosa mazito ya jinai, ni siku 28. Kuongezewa muda kunawezekana, ila "sikujua" haifiki mbali.

Mwenendo, kwa sababu rufaa kwa kawaida si kesi inayoanza upya. Majaji husoma yaliyosemwa na vielelezo vilivyopokelewa. Risiti ambayo haikutolewa kule chini, kwao ni kama haipo. Unaweza kuomba kuleta ushahidi mpya, lakini utaulizwa mbona hukuuleta siku ile. Risiti iliyolala kwenye droo yako muda wote huo, utaisemea nini?

Ninaposoma, cha kwanza natafuta ruhusa. Huyu si mtu aliyeokota kadi njiani. Alikabidhiwa na mwajiri, pamoja na namba ya siri. Ugomvi uko kwenye mipaka. Je, mshtakiwa aliwahi kuoneshwa ile sera ya matumizi iliyoletwa kama kielelezo? Mhasibu aliyekuwa akipitisha taarifa za benki kila mwezi bila kunung'unika, aliitwa kutoa ushahidi? Nikikuta hakuitwa, naweka alama ukurasa huo. Kukiuka sera kunaweza kumfukuzisha mtu kazi. Ili awe mhalifu, lazima ithibitishwe kwamba alikusudia kudanganya.

Halafu mkono. Taarifa ya benki inaonesha kadi imetumika, haioneshi nani aliishika, na kuna ofisi ambazo kadi moja hutumiwa na watu watatu.

Hata hivyo, hoja ya "ushahidi haukutosha" ndiyo ngumu kuliko zote. Tangu kesi ya Jackson dhidi ya Virginia, mwaka 1979, mahakama za Marekani huuangalia ushahidi kwa jicho linaloupendelea upande wa mashtaka, kisha hujiuliza kama kuna mtu mwenye akili timamu angeweza kumtia hatiani mshtakiwa. Kwa hiyo mimi huwinda makosa ya kisheria. Palipo na hukumu ya maandishi, sentensi ninayoipenda ni hii: "mshtakiwa ameshindwa kueleza matumizi haya." Mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa nani? Si kila sentensi ya namna hiyo huangusha hukumu, lakini humpa jaji cha kufikiria.

Wengi huniambia, "Lakini wakili, pesa nilirudisha." Kurudisha hakufuti kosa. Kunaweza kupunguza adhabu, na adhabu ina rufaa yake. Huko kiasi kina uzito mkubwa: mara nyingine miamala halali ya kazi imejumlishwa pamoja na ile inayolalamikiwa, na jumla ikavimba. Hapo ndipo naurudia ule mfuko wa risiti, nikizilinganisha moja moja na orodha ya vielelezo.