Je, wajua kwa nini minara ya Holstentor imeinama?

Kutoka stesheni ya treni ya Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Holstentor, lango la Kigothi, mtindo wa ujenzi wa Ulaya ya Zama za Kati, la matofali mekundu lililojengwa kati ya 1464 na 1478 na fundi wa mji, Hinrich Helmstede. Usipite haraka. Simama mbele yake, ning'iniza funguo kwenye uzi kama timazi ya mwashi, fumba jicho moja, ulinganishe uzi na ukuta wa mnara wa kusini. Utaona ukuta umeuacha uzi.

Chanzo ni ardhi. Lango liko kando ya mto Trave, penye udongo wa kinamasi, na mnara wa kusini ulianza kudidimia ujenzi ukiwa bado unaendelea. Mizigo miwili mizito ikikaa jirani juu ya udongo laini, udongo wa katikati hubanwa na yote miwili, ukazama zaidi ya ule wa pembeni. Ndiyo maana minara hii inainamiana kama wazee wanaonong'onezana. Matundu ya chini kabisa ya mizinga leo yako chini ya usawa wa barabara, inama uyatazame. Kudidimia kulidhibitiwa mwaka 1933 na 1934, minara ilipoimarishwa kwa zege.

Kisha zunguka upande wa mji, maana wengi hupiga picha ya mbele wakaondoka. Upande wa nje, ulikotazamiwa adui, ukuta una unene wa mita 3.5 na matundu machache; upande wa mji haufiki mita 1, nao umejaa madirisha. Tofauti hiyo utaiona vizuri zaidi ukiingia ndani, kwenye makumbusho, ukasimama penye tundu la mzinga. Ngazi zake ni nyembamba za kuzunguka, kwa hiyo mkoba mkubwa utakusumbua.

Mwaka 1863 lango lilinusurika kubomolewa kwa tofauti ya kura moja tu barazani. Lilipokarabatiwa, upande wa mji ukaandikwa S.P.Q.L., kifupi cha Kilatini cha "Seneti na watu wa Lübeck", na miaka miwili, 1477 na 1871. Huo wa kwanza si sahihi: lilikamilika 1478. Kosa limeachwa hapo hapo, kwa herufi za dhahabu.