Nairobi hadi Dar: kwa nini kilomita 665 zinakula saa moja na robo

Ukipima kwa mstari ulionyooka, toka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa Julius Nyerere ni kilomita 665 hivi, sawa na maili za baharini 359. Barabara ya Namanga, Arusha na Chalinze inapita 900. Boeing 737 ikishatulia angani huenda karibu kilomita 830 kwa saa. Gawanya, unapata dakika 48. Sasa mbona tiketi inasema saa moja na robo, pengine zaidi?

Kwanza, muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inapoegeshwa tena. Dakika 10 hadi 20 huishia chini. Nairobi, ndege nyingi huruka kuelekea kaskazini-mashariki, na Dar iko kusini-mashariki, hivyo lazima ikate kona kulia kabla ya kushika njia.

Kinachokula muda hasa ni kupanda na kushuka, maana hapo ndege haiendi kwa mwendo kamili. Hesabu ya marubani ni kwamba kupunguza kila futi 1,000 za kimo kunataka maili 3 za baharini. Ukiwa futi 35,000, na Dar iko karibu usawa wa bahari, unaanza kushuka maili 105 kabla: kilomita 195. Kupanda nako huchukua umbali wa kukaribiana na huo. Kilomita za mwendo kamili hazifiki hata 300. Nairobi hadi Johannesburg, karibu kilomita 2,900, hasara ni ileile ila haionekani sana. Ukirudi Nairobi mteremko ni mfupi, maili 89 hivi, kwa sababu uwanja wenyewe uko futi 5,300 juu.

Tazama pia aina ya ndege kwenye tiketi. 738 ni Boeing 737-800. AT7 ni ATR 72, ile ya panga boi, yenye mwendo wa kilomita 500 hivi kwa saa. Hapo hesabu saa moja na dakika 45 au zaidi. Kama una ndege nyingine ya kuunganisha, usiibane.

Saa za miji hii miwili ni zilezile. Shida iko kwenye usomaji. 07:00 ni saa moja asubuhi, si saa saba. Linalokosesha watu safari zaidi ni 00:40 ya tarehe 12: hiyo ni saa sita na dakika 40, usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo unatoka nyumbani jioni ya tarehe 11. Ukifika uwanjani usiku wa tarehe 12, ndege imeshaondoka jana yake usiku.

Mnaotaka kuuona Mlima Kilimanjaro, kaeni kulia mkitoka Nairobi (kwenye 737 ni kiti F), kushoto mkirudi. Chagueni ndege ya asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima.