Kwa Nini Buibui Hanaswi na Utando Wake Mwenyewe?

Mtu anayepalilia mboga asubuhi huko Mamboleo, au kwenye shamba dogo nyuma ya nyumba huko Kakamega, si ajabu akakwepa ghafla utando mpana uliotandwa kati ya mpapai na ua wa michongoma, na katikati yake akamwona buibui mkubwa mwenye rangi za manjano na nyeusi, ametulia kichwa chini. Nondo aliyeugusa utando huo usiku hakutoka, na hata panzi mwenye nguvu hupapatika akazidi kujifunga. Inakuwaje basi mwenye utando hukimbia juu yake gizani, macho yake yakiwa dhaifu, wala asinaswe?

Sehemu ya kwanza ya jibu imo katika ujenzi wenyewe, kwa kuwa si kila uzi una gundi. Buibui huyu ana tezi kadhaa tumboni, na uzi wa kila aina hutoka katika tezi zake. Anapoanza kazi huachilia uzi mwepesi upeperushwe na upepo mpaka ushike tawi la upande wa pili, huukaza, kisha hutandika nyuzi zinazotoka katikati kwenda pembeni, zote kavu. Baadaye huzungusha uzi mwingine mkavu kuanzia katikati kwenda nje, ambao humfaa kama jukwaa la fundi wa ujenzi, na ndipo anaporudi kutoka nje kwenda ndani akiweka uzi wa kunasia. Ukiutazama uzi huu wa mwisho kwa kioo cha kukuzia, utaona matone madogo mno ya gundi yaliyopangana kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Gundi hiyo ina chumvi zinazovuta unyevu kutoka hewani, na unyevu huo ndio unaoifanya iendelee kunata. Akitembea, buibui hushika zaidi zile nyuzi kavu kwa kucha za ncha ya mguu: kila mguu una kucha tatu, na ile ya katikati huubana uzi kwenye vinyweleo vigumu vilivyo karibu nayo.

Wengi huishia hapo, lakini maelezo hayo hayatoshi. Anapoweka uzi wa kunasia, buibui huuvuta kwa miguu ya nyuma na kuushikiza mahali pake, tena na tena, mamia ya mara katika utando mmoja. Gundi haiwezi kukwepwa. Mfaransa Jean-Henri Fabre, mtafiti wa wadudu aliyefariki mwaka 1915, alishuku kwamba miguu ina mafuta fulani, na alipouosha mguu kwa kemikali inayoyeyusha mafuta aliuona ukinata. Mwaka 2012, watafiti Briceño na Eberhard walichapisha uchunguzi walioufanya Amerika ya Kati kwa kutumia kamera na darubini. Walionyesha kwamba gundi hugusa vinyweleo vyenye matawi tu, si ngozi ya mguu, na kwamba buibui huuondoa mguu kwa mwendo wa uangalifu, matone yakiteleza kuelekea ncha ya kinyweleo na kuachia hapo. Walipoiosha miguu, ilinata zaidi, jambo linalounga mkono dhana ya Fabre. Kwangu mimi huo mwendo ndio wa kustaajabisha kuliko yote, kwa sababu mdudu aliyenaswa hufanya kinyume chake kabisa: huvuta kwa pupa, na mwili wake wote ukagusana na gundi.

Kwa wanaoishi karibu na Ziwa Victoria, gundi hii ina kazi kubwa, maana makundi ya wadudu wadogo wa ziwani yanapoinuka, utando mmoja huweza kujaa katika usiku mmoja. Sioni sababu ya kumfuata buibui huyu na ufagio. Hamshambulii mtu, na akibanwa akauma, kwa kawaida maumivu hayazidi ya kuumwa na nyuki.

Gundi huchakaa kwa vumbi na mvua. Ndiyo maana buibui wengi wa aina hii hula utando wao uliochakaa, protini yake ikatumika kutengeneza nyuzi mpya, kisha hutanda upya. Wale wakubwa wenye nyuzi za rangi ya dhahabu, wa jenasi ya Trichonephila, hawaubomoi wote: huliacha lile jukwaa kavu, na mara nyingi hufanya upya sehemu tu ya utando, kwa hiyo nusu yake huweza kuonekana imechakaa asubuhi ilhali nusu ya pili ni mpya na inanata.