Mezani amekaa nani? Utandawazi na nguvu ya vyama vya wafanyakazi

Utandawazi ukizungumzwa kwenye mafunzo ya viongozi wa matawi, mjadala huanzia kwenye hesabu ya wanachama: tulikuwa wangapi, tumebaki wangapi. Ni hesabu muhimu, lakini haionyeshi jeraha lilipo. Majadiliano ya pamoja, kati ya chama na mwajiri, yana maana pale tu aliyekaa upande wa pili wa meza anapoweza kusema "nitaongeza", na akaongeza. Katika sekta nyingi, utandawazi umemwondoa mtu huyo mezani.

Tuchukue viwanda vya nguo. Kampuni ambayo jina lake limebandikwa kwenye shati haishoni shati. Inabuni, inatangaza, inauza. Kushona hupewa mwenye kiwanda katika nchi nyingine, naye oda zikimzidi huzigawa kwa viwanda vidogo ambavyo pengine mnunuzi, yaani kampuni yenye jina, havijui. Bei ya kila shati na tarehe ya kupakia mzigo hupangwa kabla kitambaa hakijakatwa. Washonaji wakijiunga na chama na kudai nyongeza, anayeitwa kujibu ni mwenye kiwanda, na jibu lake ni kwamba bei hakupanga yeye. Mara nyingi anasema kweli, na hapo ndipo penye ugumu. Kisheria, mwajiri ni yule aliyemwajiri mshonaji. Aliyepanga bei anahesabiwa kuwa mteja tu.

Gharama ya mpangilio huu ilionekana Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo, lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa kwenye jengo hilohilo iliwaondoa watumishi wake. Washonaji waliamriwa kurudi kwenye cherehani. Hatari waliiona kwa macho yao. Walichokosa ni chama cha kukataa kwa niaba yao, ili asiwepo wa kukataa peke yake na kupoteza kibarua.

Kilichofuata kinastahili kujulikana na kila kiongozi wa tawi. Mei mwaka huohuo, mashirikisho mawili ya kimataifa ya vyama vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI, pamoja na vyama vya Bangladesh, yalitia saini makubaliano ya usalama wa majengo na moto moja kwa moja na kampuni zinazonunua nguo. Zaidi ya kampuni 200 zilijiunga. Hayakuwa maneno ya kupamba ripoti ya mwaka: yalikuwa na nguvu ya kisheria, na kampuni mbili zilipodaiwa kuzembea katika marekebisho ya viwanda, mashirikisho yalizipeleka kwenye usuluhishi, The Hague. Mashauri yote mawili yaliisha kwa maelewano, na katika mojawapo kampuni ilikubali kulipa dola milioni 2.3. Mnunuzi alikuwa amerudishwa mezani.

Kuna nguvu nyingine inayofanya kazi kimyakimya: kitisho cha kuhama. Si lazima kiwanda kifungwe. Inatosha meneja adokeze, katika wiki ya majadiliano, kwamba makao makuu yanatazama nchi yenye gharama nafuu. Mtaji unavuka mpaka kwa siku moja. Mfanyakazi anasubiri viza. Serikali nazo hushindania mitaji hiyo. Tangu eneo huru la Shannon, Ireland, lianzishwe mwaka 1959, maeneo maalumu ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje yameenea duniani, na katika baadhi ya nchi haki ya kuunda chama au kugoma hubanwa ndani ya uzio wake.

Hata hivyo, tusiusingizie utandawazi kila kitu. Katika nchi za OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, wastani wa wafanyakazi walio wanachama ulishuka kutoka asilimia 30 mwaka 1985 hadi takriban 16 mwishoni mwa miaka ya 2010. Marekani ilikuwa na asilimia 20 mwaka 1983. Sasa ni kama 10. Lakini Sweden na Denmark, ambazo uchumi wake unategemea sana biashara ya nje, bado zina zaidi ya asilimia 60. Huko vyama vimefungamana na mifuko ya bima ya ukosefu wa ajira, na mikataba hujadiliwa kwa sekta nzima. Upepo ni uleule. Kilichotofautiana ni sheria na mpangilio wa vyama vyenyewe.

Waliotangulia kupambana na hali hii ni mabaharia. Meli inaweza kuwa ya tajiri wa nchi moja, ikasajiliwa Panama au Liberia na kupeperusha bendera ya huko, na mabaharia wakatoka nchi ya tatu. Utamdai nani? Shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa usafirishaji, ITF, lililoundwa London mwaka 1896, lilianza kampeni dhidi ya bendera hizo mwaka 1948. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mwenye meli anaweza kujificha, ila meli lazima itie nanga. Wakaguzi wake hupanda melini bandarini na kudai mishahara iliyolimbikizwa, wakitegemea mshikamano wa makuli. Leo mishahara ya mabaharia kwenye maelfu ya meli hujadiliwa kimataifa kati ya ITF na umoja wa waajiri.

Kontena lililoanza kusafirishwa mwaka 1956 liliwapokonya makuli ajira nyingi, lakini waliobaki wameshika mahali ambapo biashara nzima hupita. Kampuni zinazokwepa kuweka akiba ghalani huumia mzigo ukikwama siku tatu tu.

Kwa hiyo kabla ya kuingia kwenye majadiliano, tawi lijue nani ananunua bidhaa yake, mzigo unapita wapi, na kama kampuni mama imesaini mkataba wa kimataifa na shirikisho la sekta, kama Danone ilivyofanya mwaka 1988. Mikataba ya namna hiyo kwa kawaida huahidi kuheshimu Mikataba namba 87 na 98 ya Shirika la Kazi Duniani, inayolinda haki ya kuunda vyama na ya majadiliano ya pamoja, hata pale nchi yenyewe haijairidhia. Matawi mengi yamo ndani ya kampuni zilizosaini na hayana habari. Nakala iombwe kwa shirikisho kabla ya kikao cha kwanza, si baada ya mgomo.