Skrapubuku ya kidijitali ya mashairi ni kitu gani hasa

Skrapubuku ya kidijitali ni ile albamu ya zamani ya kubandika picha na vikaratasi kwa gundi, ila sasa unabandika kwenye kompyuta au simu alafu ukimaliza unapeleka faili la PDF likachapwe. Ukiweka humo mashairi yako mwenyewe, huku shairi, huku picha, labda na kipande cha kanga ulichoskani au karatasi yenye mwandiko wako wa mwanzo, ushapata diwani yako, hata kama utachapa nakala chache tu za ndugu na marafiki.

Vitu vinapangwa kwa leya, chini bakgraundi, juu yake picha, juu kabisa maneno, na kwenye Canva au programu nyingine unasogeza kimoja bila kugusa kingine, hapo ndo raha yake.

Wengi wanakimbilia maua na fremu kwanza, mimi naona ni kinyume, anza na shairi. Shairi la mizani 16, yaani silabi 16 kila mstari, lina mstari mrefu na ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148 tu, ukitoa pambizo ya sentimita 2 kila upande unabaki na kama 11 hivi, sasa ukikuza herufi kidogo mstari unakatika popote, neno linadondoka chini, kina cha kati, yaani silabi inayofanana katikati ya mistari, kinapotea machoni na msomaji anakosa mapigo. Bora ukate mwenyewe kwenye mizani ya 8, ukwapi (nusu ya kwanza) juu, utao (nusu ya pili) chini, au ulaze ukurasa. Utenzi wala hausumbui, mizani 8 inaenea hata kwenye kijitabu, na nafasi ya picha inabaki.

Picha iwe na dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), yaani ya kujaza A5 nzima inataka pikseli kama 1748 kwa 2480. Ile iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida ishabanwa, muombe mwenyewe akutumie kama dokumenti. Bakgraundi ivuke ukingo wa ukurasa kwa milimita 3 kila upande, maana mashine ya kukata huwa inahama kidogo na usipoacha utaona mstari mweupe ukingoni. Rangi nazo hung'aa zaidi kwenye skrini kuliko kwenye karatasi, hasa bluu na kijani kali, kwa hiyo chapa ukurasa mmoja kwanza uone.

Kama kitabu kitapigwa stepla katikati, kurasa lazima zigawanyike kwa 4. Ukiwa na 30 ongeza 2, weka picha yako na tarehe ulizoandika kila shairi.