Unakula Unaweka Wapi? Njaa ya Mtu Mwembamba

“Dokta, saa moja nimekunywa chai, saa tatu tumbo linalia, na kilo haziongezeki.” Malalamiko haya nayapata sana hapa Tanga, na karibu kila anayeyaleta ameshapewa jibu mtaani: ana minyoo, au mwili wake hauna shukrani. (Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, lakini mjini kwetu ukivaa koti jeupe tu umeshakuwa dokta.)

Cha kwanza ninachouliza si chakula. Nauliza kama suruali ya mwaka jana bado inamkaa. Aliyekuwa mwembamba tangu utotoni, baba mwembamba, mashangazi wembamba, na uzito umekaa palepale miaka nenda miaka rudi, huyo ndivyo alivyoumbwa. Kijana wa kilo 54 mwenye urefu wa mita 1.70 ana uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 18.7, juu kidogo ya 18.5 ambayo Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa mwanzo wa uzito wa kawaida. Hana ugonjwa.

Anayekula sana huku suruali inamporomoka ana jambo jingine, na halitibiki kwa uji wa ulezi. Kisukari huanza hivyo: njaa, kiu, kukojoa kila mara, mwili unaisha. Tezi ya shingo ikizidisha kazi nayo huleta njaa, moyo kwenda mbio na jasho. Jasho peke yake halinisaidii kitu, maana Februari hapa kila mtu ameloa. Kwa hiyo namwambia anyooshe mikono mbele na atanue vidole, kisha naweka karatasi juu yake. Kingo za karatasi zikitetemeka, namwelekeza hospitali akapime homoni za tezi. Minyoo je? Safura hunyonya damu, na humleta mtu akiwa mchovu, viganja vimepauka. Anayemaliza sahani mbili za wali na kuulizia ya tatu simhisi safura kwanza.

Kwa aliyeumbwa hivyo, njaa ina sababu zake. Mafuta ya mwilini hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Mwenye mafuta machache hutoa leptini kidogo, hivyo ubongo huendelea kumhimiza ale. Halafu kuna kutotulia. Mwaka 1999 James Levine na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya kuwalisha watu 16 kilokalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Mmoja aliongeza mafuta chini ya nusu kilo, mwingine zaidi ya kilo 4. Waliobaki wembamba walikuwa wakizichoma kwa mambo madogomadogo ya siku nzima: kusimama, kujigeuzageuza, kwenda hapa na pale. Hata kwenye benchi langu huwa nawatambua, goti halitulii.

Ila mkosaji mkubwa ni chai ya asubuhi. Chai ya rangi, vijiko vitatu vya sukari, maandazi mawili: unga mweupe na sukari havikai tumboni, na saa nne haijafika mtu anatafuta muhogo wa kukaanga. Dawa ipo kwenye vibanda vilevile vya chai vya Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, nayo ni mbaazi za nazi. Gramu 100 za mbaazi kavu zina protini kama gramu 20 na nyuzinyuzi nyingi, na tui lina mafuta, ambayo hubeba kilokalori 9 kwa gramu wakati wanga hubeba 4. Wenye njaa ndio hao hao wanaoziruka mbaazi ili kubana matumizi, kisha wanatumia zaidi kwa soda mchana.

Mchana nako, mlima wa ugali na mchuzi wa kulowanishia tu hautoshi. Punguza ugali kidogo, ongeza dagaa wa nazi au kunde. Karanga ziwe mfukoni. Na lala mapema, kwa sababu usingizi mfupi huamsha njaa siku ya pili.

Vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwa kificho vinanikera kweli. Vingi ni dawa za mzio zinazofungua hamu ya kula, na wewe hamu unayo tele, unaifungua ya nini? Vingine ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya homoni za steroidi. Hiyo huvimbisha uso, watu wakasema umependeza, huku ikipandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Kama umeshaitumia kwa wiki kadhaa, usiiache ghafla, kwa kuwa mwili unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo. Nenda kwa daktari akupunguzie taratibu.

Wengine wote, pandeni mizani mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya chai, mizani ileile. Zikipungua kilo mbili au tatu bila kukusudia, mbaazi ziendelee, lakini mkapimwe.